Skrini Iliyotoka Ruse

Ilitangazwa rasmi Jumatatu, mbele ya umma wote, kwamba Lyuben, mtaalamu mkuu wa picha za video katika mji wa Gabrovo, ndiye angechagua skrini mpya ya kompyuta. Umma ulikuwa mama yake na paka. Mtaalamu mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitatu, na supu ya maharagwe kidevuni.

Baba yake, Momchil, alirekodi harusi na kuzihariri nyumbani. Kwa wiki tatu skrini yake ilikuwa ikionyesha nyuso zilizopauka kama jibini, naye alikuwa akiziongezea wekundu, picha baada ya picha. Jumamosi alitakiwa kukabidhi harusi ya binti wa mwoka mikate, na nusu ya wateja wake walikuwa wameletwa na mwoka mikate huyo. Akiharibu hiyo, ameharibu jina.

"Chukua hii iliyopinda, Baba," Lyuben alishauri. "Picha zinakimbia kama umeme."

"Bibi harusi wangu hakimbii popote. Hiyo ni ya michezo ya kupigana na mazimwi. Mimi nataka rangi za kweli."

Momchil akachagua skrini bapa, iliyotumika, iliyotangazwa mtandaoni na Velichka, mwalimu mstaafu wa uchoraji katika mji wa Ruse.

Hapo Lyuben akaanza kupanda mashaka. Mbona anauza? Mbona tangazo lina picha moja tu?

"Tena halina kosa hata moja la kuandika," alisema. "Mtu mwaminifu hukosea. Huyo ni tapeli."

Kufika Jumatano, mzigo ulipowasili, Momchil alikuwa anashuku hata kamba iliyofunga sanduku. Katika ofisi ya vifurushi mteja hufungua mzigo, huujaribu, ndipo hulipa. Akiukataa, unarudi ulikotoka. Kwa hiyo Momchil alikuja amebeba kompyuta yake kifuani kama mtoto mchanga. Akaiunganisha na skrini juu ya kaunta, harusi ikaanza.

Bibi harusi alikuwa mwekundu kama pilipili hoho. Bwana harusi alimzidi. Hata padri alionekana amechomwa.

"Walioana juani siku nzima?" aliuliza Ganka, karani wa ofisi.

"Si nilisema?" Lyuben alinong'ona, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameshangaa.

Momchil akampigia muuzaji simu, sauti ikasikika kwa wote. "Mama, umeniuzia skrini mbovu."

"Tapeli," Lyuben aliongeza, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Hapo ofisini kuna skrini nyingine?" aliuliza Velichka. "Iunganisheni."

Ganka akahamisha waya kwenye skrini yake. Bibi harusi akatokea, mwekundu vilevile.

"Skrini mbili zisizojuana haziwezi kula njama," alisema Velichka. "Inayodanganya ni ile ya nyumbani kwako, bwana. Umeongeza wekundu kwa kuwa yenyewe iliuficha. Nani aligusa vitufe vyake?"

Momchil aligeuka polepole. Ganka naye akageuka. Lyuben akaona ni wakati mzuri wa kukunja kamba.

"Lyuben wangu," alisema baba yake kwa upole wa kutisha, "acha kamba."

"Mimi," alisema Lyuben. "Nilipunguza wekundu. Nilitaka ionekane imekufa, ununue ile iliyopinda."

"Wiki tatu nimepaka rangi juu ya uongo wako."

"Sikiliza, kijana," alisema Velichka simuni. "Uongo haukai pale ulipouweka. Baba yako amefanya kazi ya haki juu yake, na kazi yote imepinda. Halafu ukanishuku mimi ili usishukiwe wewe. Mwenye kuficha jambo huona wezi kila mahali."

Momchil alilipa. Usiku wa Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, Lyuben alikaa kando yake akipunguza wekundu uso kwa uso, hadi wageni mia na ishirini wakapata ngozi zao. Jumamosi mwoka mikate aliitazama harusi mara mbili, akaagiza nakala tano.

Ikabaki sehemu ya maoni chini ya tangazo la Velichka. Momchil alivuta kiti, akamwachia mwanawe kibodi. Lyuben aliandika: "Skrini inasema kweli. Muuzaji pia. Tapeli katika biashara hii nilikuwa mimi."

Akaweka jina lake kamili.