Uso Ulioondoka na Povu

Victoria aliuliza swali lake huku anamenya ndizi, wala kisu hakukisimamisha.

"Baba, yule mama anayesimama kushoto ni nani?"

Melkizedeki akatazama kushoto. Palikuwa na ukuta, baiskeli, na kalenda ya mwaka 1988 iliyoliwa na mende. Akamwambia bintiye kuwa hicho ni kivuli tu, kioo cha miwani hakijakaa sawa, atakirekebisha. Alijibu haraka mno na shingo ikamwaka moto, maana alikuwa na jambo lake. Tusimfichie, tulitaje mapema.

Huyu bwana alikuwa mtunza maabara wa sekondari moja huko Usangi mpaka alipopunguzwa kazini, ndipo akashuka Same na kufungua kibanda cha kutengeneza miwani karibu na soko. Baada ya miaka ya foleni, maduka yalikuwa yameanza kuona sabuni tena, na miwani ya mitumba ilikuja kwa magunia. Riziki ilipatikana. Lakini kazi aliyolala nayo na kuamka nayo ilikuwa nyingine. Victoria, mwanawe wa pekee, macho yake yalikuwa yakifa kuanzia pembeni kuja katikati. Kwa miaka yake kumi na mitatu aliiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Alijikwaa kwa mbuzi, akabaki na kovu kwenye nyusi, aliwamwagia wageni chai, na ubao wa darasani aliusoma kwa vipande. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa karibu.

Basi baba mtu akabuni kioo. Alifunga almasi ya kukatia vioo kwenye skrubu ya cherehani, akachora mistari myembamba kiasi kwamba kidole hakikuihisi. Mwanga wa pembeni ulipoingia, mistari iliunasa, ukasafiri ndani ya kioo chenyewe, ukatokea mbele ya jicho. Hivyo vitu vya pembeni vilionekana vikielea juu ya vile vya mbele. Tatizo likawa moja: picha ilionekana penye upana wa ukucha tu, jicho likisogea kidogo picha imekwenda. Akachora fungu la pili la mistari, la kuirudiarudia picha ili jicho lipate uwanja. Wapi! Vioo vya dirisha vina mawimbi, na mwanga ulipotelea humo. Alitaka kioo chembamba kilichonyooka kabisa, akakitafuta Same, Moshi na Tanga, asikipate.

Nyumbani kwake kilikuwepo kimoja, sandukuni, kimeviringishwa kwenye kitenge. Hakikuwa chake.

Kilikuwa cha Bibi Ernesta wa Mbaga. Mapadri wa zamani walipiga picha kwenye vioo vya namna hiyo, na humo ndani alikuwemo mwanawe Veneranda siku ya kipaimara, kabla hajashuka kwenye mashamba ya mkonge na kufia huko. Hakurudishwa nyumbani. Bibi hakuwa na kaburi la mwanawe wala picha nyingine. Aliteremka mlima amekikumbatia kioo kifuani, akamwomba fundi amtafutie mtu wa kuichapa picha hiyo kwenye karatasi. Fundi akakiloweka kwenye maji ya moto na magadi, akasugua mpaka uso wa yule binti ukaondoka na povu. Kisha akatuma salamu Mbaga kwamba kioo kimevunjika njiani.

Bibi naye akarudisha salamu: asijisumbue, bahati mbaya haina mwenyewe, na Mungu ambariki kwa kujaribu. Afadhali angemtukana.

Kioo kilifanya kazi, tena vizuri. Siku ya kwanza Victoria alicheka mpaka akakaa chini, kwa kumwona mama yake Koleta upande huu na kuku upande ule kwa pamoja. Wiki ya pili ndipo alipouliza habari za yule mama. Fundi, badala ya kuogopa, akajidanganya kuwa ni kasoro ya mistari, akaongeza mingine ili picha itanuke. Ikatanuka kweli.

"Sasa namwona mzima, baba," Victoria alinong'ona. "Gauni jeupe. Hana viatu."

"Usoni je?"

"Hana uso. Pamelainika tu, kama pamesuguliwa."

Toka siku hiyo nyumba ikaanza kunuka mkonge uliooza. Koleta alipiga deki asubuhi na mchana, harufu ikabaki. Saa saba, jua likiwa kali na soko limenyamaza, ilisikika sauti ya kusugua, kwaru, kwaru, kwaru, ikitoka ndani ya sanduku tupu.

Koleta akamwita Mzee Chande kutoka Ndungu, mganga wa majini. Mzee alipoingia hakufukiza ubani. Alinusa tu.

"Harufu hii naijua. Nimefanya kazi miaka ishirini korona, kile kiwanda cha kuchakata mkonge." Akamgeukia Melkizedeki, sauti ameishusha. "Huyu hajatumwa na mtu, mwanangu. Kuna kitu chake kimechukuliwa humu ndani."

Koleta alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama mumewe. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Lakini Melkizedeki alimfikiria mkewe akilijua jambo lile, na watu wa Mbaga, na bibi aliyembariki.

"Hatujachukua kitu, mzee."

Chande akaokota kofia yake. "Basi mimi sina dawa. Ila nakuambia hivi: asiye na uso hatakaa hivyo hivyo. Atachukua wa karibu. Mvue mtoto hiyo miwani leo, ukairudishe kwa mwenyewe."

"Mtihani ni wiki ijayo," Melkizedeki alisema taratibu. "Baada ya mtihani."

Ikaanza wiki ambayo hatakaa aisahau, maana Jumatatu Honorata muuza nyanya, aliyemjua Victoria tangu akiwa mgongoni, alimuuliza Koleta yule mgeni wao katokea wapi, na Jumanne mwalimu aliita majina akaandika kuwa Victoria hayupo na hali mtoto kakaa mbele yake na mkono kaunyoosha, na Jumatano Melkizedeki mwenyewe aliinua macho kutoka kwenye skrubu yake, akamwona binti kasimama na kikombe cha chai, akamwambia, "Karibu, nikusaidie nini?" na mpaka binti alipoanza kulia ndipo alipokumbuka kuwa ni wake, na bado, hata kwa aibu ile, hakumwambia mkewe.

Siku ya mtihani msimamizi alimzuia binti mlangoni. Alisema yeye Victoria anamjua, na huyu siye.

Melkizedeki akamshika mwanawe mkono, wakapanda lori la kwenda Mbaga. Bibi Ernesta walimkuta uani anaanika maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Akapiga magoti palepale akasema yote: kioo, magadi, povu, na uongo. Bibi aliendelea kutandaza maharage mpaka yakaisha mkononi.

"Ungeniambia ni kwa ajili ya mtoto," alisema mwishoni, "ningekupa. Ningekipeleka Same mimi mwenyewe."

Melkizedeki alitamani ardhi impasukie. Alikuwa ameiba kitu ambacho angepewa.

"Hebu nipe hiyo miwani," bibi akasema. "Kama yumo, na mimi nimwone."

Akaivaa, akageuza uso kushoto. Akatabasamu. "Ndilo gauni lake. Nililishona mwenyewe." Halafu tabasamu likafa polepole. "Lakini Veneranda wangu hakuwa na sura hii. Huyu ana kovu kwenye nyusi, na macho haya ya..."

Akaivua miwani, akatazama nyuma ya mabega ya Melkizedeki, pale kizingitini alipokuwa amekaa Victoria.

"Mama yangu wee," alisema kwa sauti ndogo. "Mwanangu, usigeuke. Usoni pake pamelainika tu."

"Baba?" Sauti ilikuwa ya Victoria, haikubadilika hata kidogo. "Baba, mbona bibi ananiangalia hivyo? Nitazame basi."

Melkizedeki alibaki amepiga magoti, macho kwenye vumbi. Mwanawe alimwita mara ya pili, na ya tatu, naye hakuweza kugeuka.