Aliyedai Neno Mkate

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mwoka mikate aliwasha kompyuta akakuta tovuti yake imefungwa. Anwani yake ilikuwa neno moja tu, mkate, na nusu ya wateja wake walipitia humo. Mwenye duka la keki mtaa wa pili alikuwa amelalamika kwa msuluhishi wa anwani za mtandao: neno hilo ni alama yake ya biashara, na mikate yake inajulikana kwa miaka sita. Ushahidi ulikuwa picha ya rafu yake ya mikate, yenye tarehe ya miaka sita iliyopita. Uamuzi ulikuwa Ijumaa, saa nne. Mwoka akishindwa, anwani inahama.

Alimwita shangazi yake, karani mstaafu wa usajili wa alama za biashara, mama mcheshi asiyepitwa na kitu. Shangazi alieleza kwamba muuza mkate hawezi kujimilikisha neno mkate, labda athibitishe kuwa watu wakilisikia wanamfikiria yeye peke yake. Kwa hiyo kesi nzima ilikalia ile picha.

Wa kwanza kubanwa maswali alikuwa shemeji wa mwoka, aliyetengeneza tovuti na ambaye juzi tu alikorofishana naye. Aliapa hajamsaidia mtu. Kosa lake pekee, alilalamika, ni kuangusha kopo la kuokea mwaka jana, na mpaka leo anasimangwa.

Shangazi akaliomba kopo. Lilikuwa limebonyea, na kila mkate uliotoka humo ulikuwa na kishimo kwenye kona. Akavaa miwani, akaivuta picha. Mkate wa tatu kutoka kushoto ulikuwa na kishimo hicho hicho.

"Mwanangu," alisema, "leo lala usingizi."

Ijumaa shangazi aliweka mezani kopo, mkate na picha. Shemeji akakiri kosa lake la mwaka jana mbele ya msuluhishi, safari hii kifua mbele. Mwenye keki alijitetea kwamba makopo hubonyea popote.

"Sawa, bwana," shangazi alisema. "Tuoneshe kopo lako moja tu."

Hakuwa nalo. Hajawahi kuoka mkate maishani. Mikate ya kwenye picha aliinunua kwa mwoka mwezi uliopita, akabandika tarehe ya uongo.

"Kila anayetafuta mkate anaishia kwake," alisema kinyonge. "Iliniuma."

Msuluhishi aliamua kwamba neno ni la waoka wote, na anwani inabaki kwa aliyeisajili kwa nia njema. Mwoka alilia kwa furaha, akamkumbatia shemeji, kisha akamgeukia mshindwa.

"Njoo Jumatatu alfajiri nikufundishe."

"Nije na nini?"

"Na mikono iliyonawa."