Nati Nne Zilizopakwa Rangi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Salwa alifagia uwanja wa nyumba yao ya Mkonze. Alianzia jikoni na kumalizia chini ya Land Rover ya baba yake. Alhamisi hiyo kazi ilikuwa nyepesi. Gari lilikuwa limeinuliwa jana yake, na ufagio ulipita chini bila yeye kupiga magoti. Alikuwa amebakiza gurudumu moja tu geti lilipogongwa.

Aliingia Nesi Lydia wa zahanati, amebeba sanduku la baridi la kuhifadhia chanjo.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, Salwa. Mwambie baba safari ya Jumamosi imekuwa leo. Mvua imeanza kule mbele ya Zuzu. Tukichelewa, korongo litajaa na watoto wa watu watakosa chanjo."

Ufagio ulimponyoka Salwa mkononi.

Kwa miaka mingi gari la baba yake Salwa, Baba Seleman, lilikuwa likikwama kwenye mchanga wa njia hiyo, tumbo limelala chini kama ng'ombe mgonjwa. Vifaa vipya vya kuliinua vilikuwa ghali mno. Fundi Octavian, jirani yao, akatafuta njia rahisi. Alichonga vipande vinene vya chuma, akavipachika kati ya springi na ekseli, akavifunga kwa bolti ndefu zilizopinda. Kisha wakavalisha matairi makubwa ya mtumba. Gari likawa refu, hata Mustapha, mdogo wake Salwa, akauliza, "Sasa bibi atapanda kwa ngazi?"

Fundi Octavian alikuwa na desturi yake. Kila nati aliyoikaza ilipakwa mstari wa rangi nyekundu ya kucha, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Nati ikilegea, mstari unakatika na dereva anajua mapema. Salwa aliiomba kazi hiyo ya kupaka mpaka baba yake akakubali.

"Lakini haitaki papara," Baba Seleman alimwonya. "Ukiharibu, hutaligusa tena gari langu."

Salwa alipaka vizuri nati za magurudumu matatu. Walipofika la nyuma, upande wa kushoto, simu ya fundi iliita. Alikuwa amezungusha nati nne kwa vidole tu, bado hajatumia spana. Akatoka nje kuzungumza. Salwa alitazama jua, akakumbuka kwamba anachelewa madrasa. Akazipaka zote nne, zikisubiri kukazwa. Fundi aliporudi na kuona wekundu, alidhani amekwisha kuzikaza. Akafuta spana zake, akazifunga.

Salwa alifungua kinywa aseme. Wakati huohuo baba yake alikuwa akimwambia jirani, "Tazama kazi ya binti yangu. Mstari umenyooka kama wa rula." Akafumba kinywa. Salwa alijifariji kwamba Jumamosi asubuhi, kabla ya safari, fundi angekuja kukagua.

Sasa safari ilikuwa leo.

Baba Seleman alitoka ndani akivaa viatu. "Octavian yuko kazini kule Mtumba tangu alfajiri," alimwambia nesi. "Lakini hakuna neno. Rangi ipo kila mahali."

"Baba," alisema Salwa, "si umsubiri tu fundi?"

"Nimsubiri, korongo nalo litanisubiri?" Akapanda garini.

"Baba, usiende. Ninaumwa tumbo."

Baba yake akashuka haraka. Nesi Lydia aliweka sanduku chini, akamgusa Salwa tumboni.

"Linauma wapi?"

"Hapa."

"Na hapa?"

"Na hapo pia. Na huku."

Mustapha aliyekuwa akipiga mswaki mlangoni akacheka. "Mbona lina njia nyingi kuliko stendi? Sasa hivi tu amekula viazi vyangu."

Nesi Lydia hakucheka. Alimtazama Salwa machoni, akaona machozi. "Hili tumbo halina ugonjwa," alisema taratibu. "Lina neno. Litoe, mama, utapona."

Salwa aliwaza juu ya hasira ya baba yake. Kisha akawaza kona ya mteremko wa korongo, na watu wawili ndani ya gari.

"Nati za nyuma kushoto hazijakazwa," alisema. "Zote nne. Nilizipaka kabla ya fundi kuzikaza, halafu nikanyamaza."

Baba Seleman alichukua spana, akalala chali chini ya gari. Nati ya kwanza ilizunguka kwa vidole viwili. Ya pili hivyohivyo. Akajaribu na mbili zilizobaki, nazo zilikuwa zimelegea.

"Ekseli ingehama," alisema hatimaye kutoka chini ya gari. "Pale kwenye mteremko nisingeweza kulishika gari."

Akazikaza zote nne, moja huku na nyingine upande wa pili, kama alivyomwona fundi akifanya. Kisha akapita gurudumu kwa gurudumu, akijaribu kila nati kwa spana. Nyingine zote zilikuwa imara. Aliposimama, mgongo wake ulikuwa umejaa vumbi na uso wake umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Chanjo hazijaharibika?" akauliza.

"Barafu bado ngumu," alisema Nesi Lydia, naye akashusha pumzi. "Tumechelewa nusu saa tu. Tutafika."

Salwa alisimama akisubiri adhabu. Baba yake alipanda garini, akawasha injini. Gari likaanza kwenda, likasimama getini. Injini ikazimwa. Baba Seleman akashuka, akarudi mpaka pale alipokuwa Salwa, akachuchumaa mbele yake.

"Jana nilikutisha," alisema. "Nikasema ukiharibu hutaligusa gari. Sikusema nilichokusudia. Kila mtu hukosea, hata Octavian amekosea, na hata mimi nimeamini rangi bila kushika spana. Kosa likisemwa, linarekebishwa. Likifichwa, linasafiri na watu. Nilikusudia kukwambia hivi, mwanangu: ukikosea, njoo kwangu upesi, hata kama nimekunja uso. Hofu yako kwangu isizidi hamu yako ya kuniona nikirudi salama."