Lubugo Lililofika Kamachumu

Saa ambayo mama yake alikata roho, Edvina alikuwa Bukoba mjini, amesimama mbele ya kioo, amevaa koti lisilo lake.

Mama mwenyewe ndiye aliyemtoa nyumbani asubuhi ile. "Nenda kaone hayo maonyesho ya nguo. Miezi mitano niko kitandani unaniangalia mimi tu, nimekuchoka uso." Edvina akavaa gauni lake la kitenge cha kijani, akaondoka Kamachumu na gari la kwanza.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Ukutani michoro ya ziwa na ya migomba, mezani vikapu na bangili za pembe za ng'ombe, na kwenye kamba magauni yaliyoshonwa kwa mashati ya mitumba. Kwenye kona yalining'inia makoti ya lubugo, lile gome la mti wa mtoma linalogongwa mpaka likalainika, rangi ya udongo, walilovaa mababu kabla ya pamba kuja.

"Unalitazama koti langu kama polisi," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa kijana mrefu, tepu ya kupimia shingoni.

"Mimi ni fundi. Kwapa la koti hili umelikosea."

"Limekosewa wapi?"

"Mtu akinyanyua mkono linapasuka. Au wateja wako hawanyanyui mikono?"

"Livae unioneshe, fundi. Naitwa Kahigi."

Akalivaa, akanyanyua mkono. Praa! Wakacheka wote wawili mpaka watu wakageuka.

"Umeniharibia biashara, dada yangu!"

"Nimekusaidia. Lete karatasi nikuchoree kwapa linavyokatwa."

Alikuwa bado anachora, ameshampa na namba, simu ilipolia. Shangazi yake, Ma Kokugonza, mwanamke ambaye hata akiomba chumvi mtaa mzima husikia, alikuwa anaongea polepole.

"Edvina, rudi nyumbani, mwanangu."

Akajua. Kahigi akamtafutia gari la Kamachumu, akambebea mkoba mpaka mlangoni.

Siku ya maziko, waombolezaji wamejaa uani, Kahigi akatokea. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kwapani amebeba lubugo zima, jipya, limekunjwa vizuri. Akapita katikati ya watu, akaliweka miguuni pa jeneza, akainamisha kichwa.

Kilio kikakatika. Kwa ukoo ule, lubugo msibani haliletwi na rafiki wala jirani. Analileta mkwe, na mkwe peke yake. Na binti katika nyumba ile alikuwa mmoja tu.

"Huyu ni mkwe wetu tangu lini?" Ma Kokugonza akauliza, sauti yake imerudi.

Macho yote yakamgeukia Edvina. Akaona wajomba wanavyohesabu: kumbe mama anakufa, binti yuko mjini na mwanamume. Baba yake, Ta Kahangwa, naye akamtazama.

"Unamfahamu mtu huyu?"

"Simfahamu, Tata."

Kahigi akarudishiwa lubugo lake mbele ya kadamnasi. Akaondoka nalo, amelikumbatia kama mtoto.

Baada ya hapo nyumba ikamfunga Edvina. Baba hakumgombeza, na afadhali angegombeza. Alichofanya ni kukataa chakula cha mkono wowote usio wa Edvina. Ndizi akipika shangazi, sahani inarudi ilivyokwenda. Kaka yake, Johnson, akapiga simu kutoka Dar: "Wewe ndiye uliyebaki, dada. Mimi kazi haziniachii." Cherehani kilikuwa dirishani, na migomba ilikuwa imesogea ukutani kiasi kwamba hata saa sita mchana mwanga ulioingia ulikuwa wa kijani. Alishona sare za shule. Kila jioni simu ililia, jina la Kahigi likawaka, likazimika.

Mwezi wa nne akatumwa Muleba mjini kumchukulia baba dawa. Nje ya jengo moja akakuta tangazo: maonyesho ya sanaa na mavazi, leo hadi Jumapili. Miguu ikamwingiza ndani kabla hajaamua.

Kahigi alikuwa anapanga makoti. Akamwona, akaendelea kupanga.

"Leo unanifahamu?"

"Kwa nini ulinifanyia vile?"

"Nilikufanyia nini? Nilikuletea kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyonavyo. Nilikifuata Masaka, Uganda, mwenyewe."

"Kahigi, kwetu lubugo msibani analeta mkwe."

Akakaa kitini taratibu. "Mkwe?"

"Mkwe."

"Miaka sita nashona lubugo, hakuna aliyeniambia. Nimekulia Mwanza, Edvina. Baba alikufa nina miaka mitatu. Mila za kwetu nimezijifunza kwenye simu!"

Edvina akacheka, kicheko kikageuka machozi.

"Walidhani nilikuwa na wewe wakati mama anakufa."

"Lakini ulikuwa na mimi."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo waziwazi. Akafuta uso kwa kanga. "Nilikuwa nacheka," akasema. "Saa ileile."

"Uliniambia mama ndiye aliyekutuma uje."

"Najua. Haisaidii."

 Kahigi akamsogezea kiti, wakakaa katikati ya watu waliokuwa wanauliza bei.

Tangu siku ile simu zikapokelewa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mkate na chai. Njoo Bukoba unipikie. Nina cherehani cha pili, kinakaa bure kinanionea huruma."

"Tata hali cha mtu mwingine."

"Basi nakuja mimi, na wazee."

"Una wazee wewe?"

"Nitaazima kanisani."

Akaja kweli, na mama yake kutoka Mwanza na wazee wawili wa usharika. Ma Kokugonza akawapokea mlangoni.

"Leo umebeba nini, baba?"

"Mdomo tu, Ma. Naogopa kubeba kitu."

Hata wajomba wakacheka. Ta Kahangwa peke yake hakucheka.

"Binti yangu alisema hamfahamu mtu huyu."

Edvina alikuwa amepiga magoti na sinia la buni za kahawa za kutafuna. Akaliweka chini.

"Nilidanganya, Tata, mbele ya mama. Namfahamu, na ninampenda."

Mzee akatafuna buni moja muda mrefu, akaimaliza.

"Nimekubali, waitu, jamaa zangu. Oaneni. Ila mimi nikiwa hai, Edvina haondoki hapa."

Wazee wa kuazima wakatazamana. Kahigi akamtazama Edvina, na Edvina akatazama migomba.

"Tumesikia, Ta," Kahigi akasema.

Walifunga ndoa mwezi wa saba. Kahigi anaishi Bukoba na kazi yake. Hufika Kamachumu Ijumaa jioni, huondoka Jumatatu asubuhi. Ta Kahangwa ana miaka sitini na nane, na afya yake ni nzuri.