Aliyemo Atoke

Umewahi kumwita mtu unayejua fika kwamba hayupo, halafu akaitika?

Basi sikia yaliyompata Meneja wa kiwanda cha maziwa, yule aliyeajiriwa kuleta mabadiliko, na mabadiliko yakaja kweli, ila si yale ya kwenye slaidi.

Lilianza jambo dogo. Alasiri moja, zamu zikipishana, alikuwa anapita karibu na chumba cha baridi wanakopanga kreti, akasikia harufu ya maziwa yaliyochacha. Ndani ya baridi ile maziwa hayachachi. Akasimama. Mlango mzito wa chuma ukajifunga taratibu, kama alivyoagiza yeye mwenyewe, na nyuma yake kukasikika: ko, ko, ko. Kama mtu anayegonga bila haraka, mwenye siku nzima ya kusubiri.

Akaondoka mbio mbio, viatu vikimlilia sakafuni. Hakuuliza ni nani. Mtu huuliza asichokijua.

Kabla hajaja yeye, mlango ule ulikuwa na mwanamke wake, wafanyakazi wakimwita Kengele. Kila zamu ilipokwisha alisimama pale, akapaza sauti, "Aliyemo atoke!", akatega sikio, ndipo akafunga. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na ilikuwa kongwe kuliko mitambo. Wiki yake ya kwanza Meneja, na Masters yake ya change management, aliitazama desturi hiyo akashika kiuno.

"Yaani huyu mama ameajiriwa kupiga kelele?"

"Na kusikiliza, Madam," Kengele akajibu mwenyewe. "Kelele natoa bure."

Watu wakaangua kicheko. Meneja hakucheka. Mwezi haukuisha, Kengele akapewa mkono wa kwaheri, mlango ukafungiwa mota. Mkutanoni Mkurugenzi alimpigia Meneja makofi mbele ya wote. "That is leadership!" Wote wakapiga makofi, na wale ambao kwaheri yao ilikuwa njiani nao wakapiga.

Halafu mota ikamfungia Mrefu.

Mrefu alikuwa mpanga kreti, mcheshi, aliyelazimika kuinama kila alipoingia mlango ule, naye kila mara akausalimu: "Shikamoo, mzee mlango." Siku hiyo alikuwa nyuma kabisa, kofia ya sufu imemziba masikio. Kitasa cha ndani kilikuwa kimeganda barafu. Mota haina sikio. Zamu iliyofuata ikamkuta naye ameganda.

Mkurugenzi alimvuta Meneja kando. "Tunasemaje?"

Na ni yeye, Meneja, kwa mdomo wake na bila kushikiwa bunduki, aliyesema, "Tuseme ni uzembe wake. Alilala ndani."

Tangu hapo mama yake Mrefu akawa anakuja getini na kitenge chake mabegani. Hakuomba fidia. "Mwanangu hakulala kazini," alimwambia mlinzi. "Wafute hilo neno." Meneja alimwona kupitia dirisha la ofisi, akalivuta pazia, na mkono uliolivuta ukakaa na baridi hadi jioni.

Harufu ikaenea kwenye korido, kwenye makoti, hadi kwenye chai ya ofisini. Siku moja mpakiaji mmoja, kwa utani tu wa kujitoa woga, akauelekea mlango akapaza sauti, "Aliyemo atoke!"

"Nipo," kikaitika kitu ndani, kwa sauti ya Mrefu, chini chini. "Mlango umefungwa."

Kreti zikaanguka, watu wakakanyagana. Na Mkurugenzi, yule asiyeamini chochote kisicho na grafu, ndiye aliyepiga simu kutafuta mganga wa majini.

Mganga alifukiza ubani, akaweka sikio kwenye chuma, akarudi nyuma.

"Hapa pana jini tangu kabla ya kiwanda," alinong'ona. "Kila zamu aliambiwa atoke, akawa anatoka. Mlipoacha kumwambia, akabaki. Mkamfungia pamoja na mtu anayekufa. Sasa ameshika sauti yake."

"Mtoe basi," Mkurugenzi akasema.

"Atatoka akiitwa na aliyezoea kumwita. Lakini atauliza swali, na aliyefunga lazima ajibu kweli. Na mzazi wa marehemu awepo, asikie."

Kengele aliletwa. "Mimi nilidhani ni kelele tu," akanong'ona. "Miaka yote hiyo nilikuwa namtoa nani, jamani?"

Ilikuwa mchana kweupe. Kengele akaita, sauti ikakatika katikati, na mlango ukafunguka bila mota kulia, ukungu mweupe ukamwagika sakafuni ukiwa na ile harufu, na ndani ya ukungu kukaja ko, ko, ko, ile ile, ila sasa ikitembea, ikikaribia, hadi kikatokea kitu kirefu kilichoinama mlangoni vile vile alivyokuwa akiinama Mrefu, kofia ya sufu imeshuka hadi machoni, maziwa yakidondoka vidoleni, na Meneja alipoteremsha macho ili asiuone uso akaiona miguu, nayo ilikuwa kwato, kwato za punda, na ndizo zilizokuwa zikigonga siku zote hizo huku yeye akijiambia ni kreti.

"Nani alifunga?" kikauliza.

Mama yake Mrefu alipoisikia sauti ile, mikono ikampanda kichwani. Hakulia. Alimtazama Meneja.

"Sema, Madam," Kengele akanong'ona. "Sema tu, mwanangu, yaishe."

Meneja alimtazama mama yake Mrefu, akamtazama Mkurugenzi, naye Mkurugenzi akatikisa kichwa kidogo, kidogo sana, na neno "mimi" likawa limefika kabisa kwenye meno, analionja, akaiona ofisi yake, pazia lake, yale makofi, akafungua mdomo akajisikia anasema:

"Ni... ni sistimu. Sistimu ilijifunga."

Kitu kile kikainama zaidi, kama mtu anayetaka kuingia mlango mfupi. Ukungu ukamjia Meneja usoni, ukampenya kinywani kilichokuwa bado wazi. Kisha chumba kikawa kitupu, harufu imekwisha, Mkurugenzi anashangilia peke yake.

Mganga alikuwa anakunja vitu vyake bila furaha. "Kimetoka chumbani," alisema. "Sikusema kimeondoka."

Meneja bado anakwenda kazini. Anavaa sweta mbili juani. Lakini nyumbani mumewe ameacha kumwita kutoka chumba kingine. Humfuata mpaka alipo, akamgusa bega. Kwa sababu akiita, "Mama watoto!", kabla mkewe hajafumbua mdomo, mtu mwingine huitika kifuani mwake, chini chini:

"Nipo. Mlango umefungwa."

Na nyinyi wa meza ndefu, mliopiga makofi, mnaoendelea kuita hiyo leadership: mama yake Mrefu yuko getini hadi leo. Futeni neno "uzembe". Tokeni nje kwa miguu yenu, mtazameni usoni, mmwambie nani alifunga mlango.