Zamu ya Jumamosi ya Mzee Taisto

Kila Jumamosi jioni Vilja na rafiki yake Inka walikaa kwenye ngazi za lango la B, wakila pipi nyeusi za chumvi na kuwatazama watu wakienda sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke wa moto. Hiyo ndiyo ilikuwa sinema yao, na haikuwa na kiingilio. Sauna ya jengo ilikuwa chini kabisa, karibu na chumba cha baiskeli, na kila familia ilikuwa na saa yake moja kwa wiki iliyoandikwa kwenye orodha ukutani. Watu walishuka na taulo begani. Baada ya saa moja walipanda wakiwa wekundu kama kaa waliochemshwa, nywele zinadondosha maji, nyuso zao zimetulia kama za watu waliosamehewa makosa yote.

Wote isipokuwa mmoja.

"Huyo anakuja," Inka alinong'ona. "Balozi wa Uhispania."

Mzee Taisto wa orofa ya pili alishuka polepole akishikilia ukuta, mkononi ana mfuko wa kitambaa. Mwaka uliopita alitoweka miezi miwili. Jengo zima likasema amekwenda Uhispania kuota jua, kama wastaafu wengi wa mji wetu wa Tampere wafanyavyo majira ya baridi. Aliporudi hakuwa na rangi ya jua hata kidogo, na tangu siku hiyo hakumsalimu mtu.

"Habari za jioni, Mzee Taisto!" Vilja alisema kwa sauti kubwa makusudi.

Mzee alitikisa kichwa tu, akapita.

"Unaona?" Inka akacheka. "Salamu zake amezisahau ufukweni."

Saa moja baadaye Mzee Taisto alipanda. Nywele kavu. Uso mweupe. Taulo bado limekunjwa vilevile, kama limetoka dukani.

Vilja alihisi hasira ikimpanda. Mama yake alikuwa dereva wa tramu, treni ya mjini, na zamu yao ya sauna ilikuwa Jumatano saa kumi alasiri, wakati mama yuko kazini. Kwa miaka mitatu walikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kungojea saa ya Jumamosi. Kwa miaka mitatu Vilja alikuwa akienda sauna peke yake, akimwaga maji juu ya mawe na kuzungumza na ukuta. Na huyu mzee alikuwa na Jumamosi saa kumi na mbili jioni, saa tamu kuliko zote, naye hata haogi!

Siku iliyofuata Vilja alipanda kwa Bi Raili wa orofa ya kwanza. Bi Raili alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi, na jiko lake halikukosa wageni. Jumapili hiyo walikuwepo majirani wanne, birika la kahawa, na sinia la mikate ya iliki.

"Karibu, mwanangu, kaa, kula," Bi Raili alisema. "Una uso wa mtu mwenye habari."

Vilja akaeleza juu ya nywele kavu. Vikombe vyote vikasimama hewani.

"Haogi?" Bi Raili aliuliza. "Saa nzima? Sasa anafanya nini huko chini?"

"Ana mfuko," Vilja alisema.

"Mfuko! Wa nini?"

Vilja hakujua. Lakini watu wazima watano walikuwa wamemwinamia, wakimsikiliza yeye, msichana wa miaka kumi na miwili, kana kwamba anasoma taarifa ya habari. Utamu wa jambo hilo ulimlevya.

"Nilisikia chupa zikigongana," alisema.

"Chupa!" jirani mmoja akapiga kofi mezani. "Nilijua! Mtu hawi mkimya hivyo bila sababu."

Kufika Jumanne, Mzee Taisto alikuwa mlevi. Kufika Alhamisi alikuwa anapika pombe kwenye jiko la sauna. Ijumaa tangazo likabandikwa kando ya orodha: mkutano wa wakazi Jumatatu saa kumi na mbili jioni, jambo la kwanza likiwa kumnyang'anya Taisto zamu ya Jumamosi na kuwapa wa kwanza kwenye foleni.

Wa kwanza kwenye foleni walikuwa ni Vilja na mama yake. Vilja alisoma tangazo mara mbili. Alitegemea kufurahi. Badala yake alitamani kulibandua, kwa sababu hakuna chupa yoyote aliyokuwa ameisikia.

"Nitaisikia leo," alijiambia Jumamosi, "halafu haitakuwa uongo tena."

Alishuka peke yake, akaweka sikio kwenye mlango wa chumba cha kuvulia nguo. Hakukuwa na chupa. Mtu alikuwa anaimba. Ulikuwa wimbo wa kubembeleza watoto, lakini maneno yake hayakuwa ya watoto, nayo yalitoka kipande kipande, yakifuatana na kitu kinachogonga ubao taratibu.

"Bin-ti ya-ngu... le-o... le-o..." Sauti ikakatika. Kimya. Kisha ikaanza upya tangu mwanzo. "Bin-ti ya-ngu..."

Vilja aliegemea mlango zaidi, nao haukuwa umefungwa. Akaangukia ndani kama gunia.

Mzee Taisto alikuwa ameketi kwenye benchi na nguo zake zote. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya benchi, ndio uliokuwa ukigonga. Pembeni kulikuwa na kadi zenye picha: kikombe, nyumba, bi harusi. Walitazamana. Mzee akafungua mdomo, uso ukamwiva kwa juhudi, na kilichotoka kilikuwa "Sa... sa..." tu.

Akafumba macho kwa kuchoka. Halafu akatoa mfukoni kadi moja iliyokunjika pembe na kumpa Vilja. Ilikuwa imeandikwa: *Nimepata kiharusi. Ninaelewa kila kitu unachoniambia, lakini maneno yananichelewa. Tafadhali nipe muda.*

"Hukuwa Uhispania," Vilja alisema polepole.

Mzee akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kuelekea upande wa hospitali.

"Na sauna?"

Akagusa kifua, akakunja uso, akapunga mkono kuonyesha kwamba daktari amemkataza joto. Kisha akagonga benchi, akaimba, na maneno yakaja: "Ku-i-mba... na-we-za."

"Kwa nini usiimbie nyumbani?"

Mzee Taisto akagonga ukuta kuonyesha jinsi kuta za nyumba zilivyo nyembamba. Halafu akaelekeza kidole chini, akafanya ishara ya mtu aliyeweka sikio, na akachora hewani nywele kubwa za Bi Raili anayeishi chini yake. Vilja akacheka kabla hajajizuia, na mzee naye akacheka.

Akamwonyesha kadi ya bi harusi. Nyuma yake palikuwa pameandikwa: harusi ya binti yangu Outi, Juni. Baba wa bi harusi husimama na kusema. Alikuwa amebakiwa na wiki tano, na saa tano tu za chumba hiki.

Kisha akaonyesha upande wa tangazo, akainua chupa isiyokuwepo mdomoni, akamtazama Vilja kwa macho ya kuuliza: *Nani alisema hivi?*

Vilja alitaka sakafu immeze. "Ni mimi," alisema. "Sikusikia chupa. Niliongeza."

Mzee alizikusanya kadi zake moja moja. Mwishowe akaweka kidole midomoni na kuzionyesha zile kadi. Hilo lilieleweka: asimwambie mtu.

"Sitasema," Vilja aliapa.

Jioni hiyo mama alirudi kutoka zamu ya ziada kazini, akavua viatu, na Vilja akamwaga yote mezani, yote isipokuwa siri.

"Subiri," mama alisema. "Ulisikia chupa au hukusikia?"

"Sikusikia."

"Na sasa unajua anachofanya kule?"

"Najua. Lakini nime—"

"Usiniambie. Ni yake, si yako, wala yangu." Mama akajipapasa shingo iliyochoka. "Uongo ndio wako. Huo utausema Jumatatu mbele ya wote."

"Tutakosa Jumamosi, mama."

"Jumamosi iliyopatikana hivyo, maji yake yangeniunguza."

Jumatatu chumba cha mikutano kilijaa mpaka watu wakakalia vipasha joto vya ukutani. Mzee Taisto alikaa nyuma kabisa, mfuko magotini. Bi Raili aligonga kikombe na kijiko.

"Jambo la kwanza. Tumepata habari kwamba zamu ya—"

"Habari hiyo si ya kweli," Vilja alisema. Alikuwa amekwisha kusimama. "Niliona nywele kavu. Ni hilo tu. Chupa nilizitunga, kwa sababu nilitaka zamu yake, na kwa sababu mlikuwa mnanisikiliza. Ninaomba msamaha. Kwake kwanza, halafu kwenu."

Minong'ono ilizunguka chumba. Inka alimtazama rafiki yake mdomo wazi.

"Haya, umejikosoa vizuri," Bi Raili alisema. "Lakini sasa tuambie, mwanangu. Kama hanywi, anafanya nini huko?"

"Siwezi kusema."

"Unajua?"

"Najua."

"Basi sema, umsaidie! La sivyo kamati itaamua bila kujua."

"Si jambo langu kusema, Bi Raili. Hata mkinifukuza hapa, si langu."

"Mtoto huyu ana shingo ngumu!" mtu alisema. "Pigeni kura tukanywe kahawa."

Mikono ikaanza kunyanyuka. Ndipo ubao wa kiti ukasikika nyuma: ko, ko, ko. Mzee Taisto alikuwa amesimama. Mkono wake wa kushoto uligonga mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

Akafungua mdomo. Hakuna kitu. Akajaribu tena. Hakuna kitu. Jasho lilimtoka. Mahali pengine wangemkatiza, wangemmalizia neno. Lakini watu wetu, kwa kunyamaza, hawana mpinzani duniani, na siku hiyo walinyamaza kwa faida. Dakika nzima hakuna aliyekohoa.

Kisha ule wimbo wa kubembeleza watoto ukaja.

"Ma-ji-ra-ni," aliimba. "Ni-li-u-gu-a... ki-chwa-ni. Ma-ne-no... ya-li-po-te-a. Pa-le chi-ni... ni-na-ya-ta-fu-ta."

Akapumua. Mkono ukaacha kugonga. Wote waliona ameacha kugonga kwa hiari yake. Akamtazama Vilja, na bila wimbo, kwa sauti nzito ya kawaida ambayo jengo lilikuwa halijaisikia kwa miezi kumi na minne, akasema:

"Msichana... ni mkweli."

Chumba kililipuka kwa shangwe! Watu walipiga makofi, walipiga meza, mmoja akaangusha sinia. Inka alipiga mluzi kwa vidole viwili. Mzee Taisto alisimama katikati ya kelele zile akijishika mdomo, kana kwamba anaogopa maneno yaliyorudi yasije yakatoroka.

Bi Raili alikuwa analia, kahawa inamwagikia sahani. "Naishi chini yako miaka ishirini na saba! Najua siku unayotupa takataka. Najua redio yako unaizima saa ngapi. Nikasema una kiburi! Taisto, ungegonga sakafu tu, ningekuja na supu!"

"Ndiyo ma... maana," mzee alisema, "sikugonga," na kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani.

Hakuna aliyekumbuka kupiga kura. Zamu ilibaki ya mwenyewe. Lakini Jumamosi iliyofuata, Mzee Taisto alibisha mlangoni kwa Vilja, jambo ambalo katika jengo letu lilikuwa karibu muujiza. Aliimba kifupi: yeye anatumia chumba cha kuvulia nguo tu, na mawe ya moto yanakaa bure. Kama wangesubiri amalize nusu saa yake, nusu ya pili ingekuwa yao. Siku hiyo Vilja na mama yake walikaa bega kwa bega juu ya ubao wa moto, mara ya kwanza tangu Vilja alipokuwa mdogo. Mama akamwaga maji juu ya mawe, mvuke ukawafunika wote wawili, na hakuna aliyezungumza na ukuta.

Juni ikafika. Jengo zima lilialikwa harusini. Mzee Taisto alisimama akiwa na suti ya kijivu, na ukumbi ukanyamaza. Kwenye meza ya mbele Vilja alikuwa amezuia pumzi.

"Outi," mzee alisema. Hakugonga. Hakuimba. "Binti yangu. Leo... nina maneno machache. Nimeyachagua yote... kwa ajili yako. Nakupenda. Muwe na furaha."

Outi alimkumbatia kabla hajamaliza kuketi, na glasi zikainuliwa kila upande.

Bi Raili, aliyekuwa amevaa kofia kubwa kama sinia, alimvuta Vilja karibu. "Sikia, mwanangu, nikuambie mimi mtaalamu wa umbeya," alisema akijifuta macho. "Ukuta mmoja tu unatutenganisha na majirani, na nyuma ya ukuta huo hatujui lolote. Tunaona nywele kavu, halafu tunajaza mengine wenyewe. Ukiulizwa juu ya mtu, sema ulichokiona, ukomee hapo. Na ukitaka kujua zaidi, nenda kabishe hodi, umuulize mwenyewe kama ana shida." Akaangalia huku na huku. "Sasa hebu niambie, yule bwana mwenye tai ya kijani ni nani?"

"Simjui, Bi Raili."

"Hata mimi," alisema Bi Raili, akasimama na kurekebisha kofia yake. "Twende tukamuulize."