Mvuto wa Tatu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi umeme wa magari, nami nayaandika kama alivyonieleza. Mchana ule mama yake alitakiwa hospitali kupasuliwa jicho, na gari kuukuu la porini aliloacha marehemu kaka yake lilikataa kuwaka.

"Fundi wa watu wote, la nyumbani limekushinda?" mama alimtania mlangoni, mkoba mkononi.

"Dakika kumi tu, mama."

Gereji haikuwa na dirisha. Kwa mwanga wa tochi alichomoa soketi karibu na tundu la nyaya, kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na kabini. Pini zilikuwa na kutu. Enzi zao kaka alikaa kabini, yeye kwenye injini, wakaambizana kwa kuvuta waya uliopita kwenye tundu hilo: mara mbili, "washa", mara tatu, "usiwashe."

Alisafisha pini, akarudisha soketi, na kwa mazoea akavuta waya mara mbili. Akajicheka. Kabini ilikuwa tupu, imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

"Limepona?" mama aliita.

Nyuma ya bati kiti kililia taratibu, kama kinapokaliwa. Kisha waya ukavutwa vidoleni mwake, mara moja, mara ya pili. Akashusha pumzi.

Ukavutwa mara ya tatu.